Karatasi haidanganyi: choki ya bata mzinga na nozeli ya bomba lako



Wiki iliyopita kijana mmoja mwenye ekari sita za mahindi alinipigia simu. "Bwana shamba, niambie nozeli gani ni kali kuliko zote, nikanunue leo." Nikamwuliza, kali kwa kazi gani? Akajibu, "Kali tu, kaka. Ile ya mwisho kabisa."

Nilicheka, halafu nikanyamaza kidogo. Swali hilohilo nililisikia miaka kadhaa iliyopita, mbali sana na hapa, na wala halikuwa la nozeli. Lilikuwa la bunduki ya kuwindia bata mzinga.

Leo nawasimulia kisa hicho. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili usije ukasema nimekuzungusha: chombo chochote kinachorusha kitu, yawe marisau au iwe dawa, hakichaguliwi kwa jina, wala kwa bei, wala kwa sifa ya ukali. Kinachaguliwa kwa kupimwa kwenye karatasi, kwa umbali wako mwenyewe na kwa kile utakachokirusha. Asiyepima anabahatisha. Na mara nyingi wa kwanza kulipa gharama ya kubahatisha siyo yeye, ni mwingine asiye na kosa.

Missouri, mwezi wa nne

Baada ya stashahada yangu nilipata nafasi ya mafunzo ya kazi kwenye shamba la mahindi na soya katika jimbo la Missouri, Marekani. Sisi huku bata mzinga tunamjua kama ndege wa kufuga, anayezunguka uani akijitanua mkia. Lakini asili yake ni Amerika, na kule bado wapo wa mwituni. Usiku wanalala juu ya miti, alfajiri wanashuka na kutembea pembezoni mwa mashamba.

Kuna wakati Missouri walikuwa karibu kwisha. Idara ya hifadhi ya jimbo ikaanza kuwakamata walikobaki na kuwahamishia kwenye misitu mingine, hadi uwindaji wa msimu ukafunguliwa tena mwaka 1960. Mpaka leo una masharti: kuna leseni, kuna tarehe, kuna idadi. Msimu wa machipuko, mwezi wa nne hadi wa tano, unaruhusiwa kupiga dume tu, au ndege mwenye ndevu, lile fungu la manyoya linaloning'inia kifuani. Kwa hiyo watu wa kule hawamchukulii bata mzinga kama kuku aliyetoroka. Ni mali iliyorudishwa kwa jasho.

Mwenye shamba nilipokuwa, mzee mmoja wa miaka sitini na kitu, alikuwa mwindaji tangu utotoni. Kijana wake wa mwisho, wa umri kama wangu, ndo alikuwa anaanza. Na kama vijana wengi, alianzia dukani.

Choki ni nini hasa

Shotigani haitoi risasi moja. Inatoa marisau, yaani vipunje vingi vidogo vya madini kwa mpigo mmoja. Vikitoka tu mdomoni mwa mtutu vinaanza kutawanyika. Choki ni kipande kifupi cha bomba chenye thredi, kinachofungwa kwenye ncha ya mtutu na kuubana mdomo wake kidogo ili marisau yaende yakiwa yameshikana kwa umbali mrefu zaidi.

Fikiria mpira wa kumwagilia bustani. Ukiacha mdomo wazi maji yanamwagika karibu. Ukibana kwa kidole yanafika mbali. Si sawasawa kabisa, ila picha ndiyo hiyo.

Mtutu wa geji 12 una upana wa ndani wa inchi 0.729, kama milimita 18 na nusu. Choki zinapangwa kwa kiasi zinavyobana upana huo. Iliyo wazi kabisa wanaiita silinda, ya kati modifaidi, iliyobana fuli. Kipimo cha zamani ni hiki: ukipiga kwa yadi 40, karibu mita 37, silinda inaingiza kama asilimia 40 ya marisau ndani ya duara la inchi 30, modifaidi asilimia 60, fuli asilimia 70. Halafu zipo choki za bata mzinga hasa, zinazobana kuliko fuli, mdomo wake ukifika inchi 0.670, 0.660, hata 0.640.

Kwa nini zibane hivyo? Kwa sababu bata mzinga hapigwi mwilini. Ni ndege mkubwa, ana mabawa mazito na kifua kinene. Ukimpiga mwilini, mara nyingi anaondoka na majeraha na kwenda kufia porini. Anapigwa kichwani na shingoni, sehemu isiyozidi upana wa mkono wako. Ndiyo maana wawindaji wengi wana kanuni yao: kwenye duara la inchi 10, karibu sentimita 25, yaingie marisau yasiyopungua 100 kwa umbali ambao unakusudia kupigia. Yakipungua hapo, umbali huo si wako. Sogea karibu, au acha.

Kijana alinunua ile kali

Kijana wa mzee alikwenda dukani, akauliza ipi inabana kuliko zote, akalipa, akarudi anatabasamu. Hakuipima. Kesho yake alfajiri tukaingia msituni, mimi nikiwa mtazamaji tu, sikushika bunduki hata siku moja.

Ndege wa kwanza alikuja karibu sana, hatua kama kumi na tano kutoka tulipokaa. Kijana akapiga. Ndege akaruka akaenda zake, mzima. Kwa umbali ule marisau yalikuwa bado yameshikana kama ngumi, kwa hiyo ukikosea kwa upana wa kiganja umekosa kabisa. Ile choki kali ilimnyima nafasi ya kukosea kidogo.

Ndege wa pili alikuwa mbali, nakadiria zaidi ya yadi 55. Kijana akasema, hii choki inafika. Akapiga. Ndege akaanguka, akapigapiga mabawa, akainuka, akakimbilia kwenye vichaka huku bawa moja likiburuta.

Tulimtafuta hadi saa sita mchana. Tuliona manyoya, tuliona damu kwenye jani, ndege hatukumwona. Mzee alikuja kutusaidia na hakumgombeza mwanawe hata kwa neno moja. Tulipokata tamaa alisema jambo moja tu, kwamba kesho hakuna kwenda msituni, kesho kuna karatasi.

Siku ya kuhesabu matundu

Kesho yake tulisimamisha fremu ya mbao nyuma ya ghala, mbele ya tuta kubwa la udongo, tukabandika karatasi pana kama mita moja kwa mita moja. Tukapima yadi 40 kwa futi kamba, siyo kwa macho. Wote tukavaa miwani na vizuia sauti masikioni. Kila mara kabla ya kubadilisha choki, mzee alihakikisha bunduki haina kitu ndani, tena mara mbili. Alikagua pia kama choki imekaza, kwa sababu hulegea kadiri unavyopiga, na kama thredi zake ni za mtutu ule, maana choki ya kampuni moja haiingii ovyo kwenye mtutu wa kampuni nyingine hata kama geji ni ileile. Mtutu wenye thredi haupigwi mtupu bila choki, unaharibika.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Karatasi mpya kwa kila mpigo, duara la inchi 10, kalamu mkononi, tundu moja moja. Mipigo mitatu kwa kila choki, kisha wastani.

Fuli ya zamani, iliyokuja na bunduki, ilitoa 84. Choki ya kati ya bata mzinga, ambayo mzee alikuwa nayo kwenye droo miaka mingi, ilitoa 112, tena yamesambaa vizuri. Ile mpya, kali, ya bei mbaya, ilitoa 71. Na hayo 71 yalikaa mafungumafungu: huku yamerundikana, kule kuna uwazi ambao kichwa cha ndege kingepita salama.

Kijana alikasirika, akasema ameuziwa kitu feki. Mzee akatikisa kichwa, akamletea risasi za aina nyingine, zenye marisau ya tungsteni. Tungsteni ni nzito kuliko risasi ya kawaida, kwa hiyo marisau yake huwa madogo zaidi, yanakuwa mengi ndani ya risasi moja, na ni magumu, hayabonyei yanapobanwa. Zile za kawaida ni laini. Ukizibana kupita kiasi zinapondeka, na kipunje kilichopondeka hakiendi moja kwa moja. Kwa risasi hizo mpya ileile choki ya 71 ikazipita zote.

Hapo ndipo nilipoelewa. Choki haikuwa mbaya. Haikuwa nzuri pia. Peke yake ilikuwa haina jibu. Choki, risasi, mtutu na umbali ni kitu kimoja, ukibadilisha kimoja unapima upya. Hata kwenye boksi la risasi na kwenye choki yenyewe kuna maandishi ya kusema ipi haikubali ipi, kwa mfano marisau ya chuma kwenye choki inayobana sana yanaweza kuharibu mtutu. Ila hakuna maandishi yanayoweza kukuambia bunduki yako itachora nini. Hilo linasemwa na karatasi.

Kisha mzee akarudisha kipimo hadi yadi 20, halafu 10, ili kijana aone mwenyewe duara linavyokuwa dogo. Mwisho kabisa akamwambia achague choki ya kati, risasi za kawaida, na asipige zaidi ya yadi 40. Si kwamba choki kali haifiki. Ni kwamba yeye hajafika.

Kosa langu mwenyewe

Sasa unaweza kuuliza, bwana shamba, haya yananihusu nini mimi wa mahindi?

Nilirudi nyumbani na somo hilo kichwani, nikaajiriwa, nikasahau. Msimu wangu wa pili kazini kijana mmoja aliniuliza nozeli ya kupulizia magugu kwenye mahindi yake. Dawa yake ilikuwa tufofi, ile inayoua magugu ya majani mapana na kuacha mahindi. Nilikuwa na haraka, pikipiki inanguruma. Nikamwambia, "Chukua ile ya koni, ni kali, inatoa ukungu mzuri."

Mimi ndiye niliyesema. Siyo muuza duka.

Nozeli ya koni ni ya kufunika majani kwa dawa za wadudu na ukungu. Inatoa matone madogomadogo. Kwa dawa ya magugu matone hayo ni balaa, kwa sababu upepo kidogo tu unayabeba. Kijana alipuliza saa tano asubuhi, bomba limejazwa upepo hadi mwisho, mkono unapepea kushoto na kulia. Shambani kwake magugu yalibaki kwa mistari, huku yamekufa, kule yanacheka. Ila hasara kubwa haikuwa kwake. Upande wa pili wa mpaka kulikuwa na robo tatu ya ekari ya maharage ya mama mmoja mjane. Baada ya siku chache majani yalijikunja kama ngumi za mtoto. Hayakuzaa.

Nilipoyaona maharage yale nilimkumbuka yule ndege aliyeburuta bawa. Tumerusha kitu tusichokipima, kimeenda tusikokusudia, na aliyeumia hakuwa kwenye mazungumzo.

Tulikwenda wawili kumwomba radhi. Kijana alimlipa magunia mawili ya mahindi baada ya mavuno, mimi nikatoa mbegu ya msimu uliofuata. Mama alipokea, akatukaribisha na chai. Lakini alisema, "Wanangu, si mngejaribu kwa maji kwanza?" Mama ambaye hajakanyaga chuo cha kilimo alisema kwa sentensi moja kile ambacho mzee wa Missouri alinionyesha kwa siku nzima.

Kwa hiyo, pima hivi

Kwanza, jua kazi. Dawa ya magugu inataka nozeli inayopiga bapa, inayotoa dawa kama upepeo, kwa msukumo mdogo na matone makubwa kidogo. Dawa ya wadudu au ukungu kwenye nyanya inataka koni. Soma lebo, mara nyingi imeandikwa.

Pili, tia maji matupu. Puliza kwenye sakafu kavu ya saruji ukitembea mwendo wako wa kila siku, nozeli ikiwa kimo kilekile. Simama uangalie inavyokauka. Sehemu inayokauka haraka imepata kidogo, inayochelewa imepata nyingi. Ukiona mistari, ndiyo mistari utakayoiona shambani. Usipeperushe mkono.

Tatu, weka karatasi. Zipo kadi za njano zinazogeuka bluu zikiguswa na maji. Ukizikosa, chukua karatasi nyeupe na maji yenye rangi ya chakula. Kwa nyanya, zibane kwenye majani ya juu, ya kati na ya chini, nyingine zitazame chini. Mdudu kama kantangaze hakai mahali unapopapenda wewe. Weka na karatasi kwenye mpaka wa jirani pia. Ikipata madoa, acha, subiri upepo utulie au badilisha nozeli.

Nne, pima kiasi. Weka alama eneo la mita 10 kwa mita 10. Jaza bomba hadi alama unayoijua, puliza eneo hilo, kisha rudishia maji kwa jagi lenye vipimo. Lita ulizorudishia zidisha kwa 40, utapata makadirio ya ekari moja. Mfano wa hesabu: umetumia lita 3, basi ekari inakula lita 120, sawa na mabomba saba na nusu ya lita 16. Kama lebo inasema mililita 750 kwa ekari, kila bomba ni mililita 100. Siyo kifuniko kimoja cha kukadiria.

Tano, kagua uchakavu. Kinga maji ya nozeli yako kwa dakika moja, kisha kinga ya nozeli mpya ya aina hiyohiyo kwa msukumo uleule. Ya zamani ikizidi kwa zaidi ya asilimia 10, itupe. Ikiziba, isafishe kwa mswaki laini na maji. Usiipulize kwa mdomo, hata kama umewaona wakubwa wakifanya hivyo.

Najua utakachosema

Utasema muda hauna. Kipimo chote hiki ni saa moja, na ni maji tu. Kupalilia upya ekari moja ni siku ngapi na vibarua wangapi?

Utasema kitu cha bei ghali lazima ni kizuri. Inawezekana. Ile choki ghali ilikuja kushinda, kumbuka. Lakini ilishinda baada ya kukutanishwa na risasi inayoifaa, na tulilijua hilo kwa kuhesabu matundu, si kwa kusoma bei. Kwa hiyo sisemi ununue rahisi. Nasema bei si kipimo.

Na wale ambao tayari mnataka kuniuliza kuhusu shotigani ya kulinda shamba: sikushauri. Hapa kwetu silaha inataka kibali kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mnyama wa porini analindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kanga au tumbili wakikusumbua, anzia ofisi ya kijiji na afisa wanyamapori. Mimi wa kwangu ni bomba la mgongoni.

Yule kijana wa simu nilimjibu hivi: "Usinunue kitu leo. Kesho asubuhi njoo na bomba lako, ndoo ya maji na karatasi kumi." Alikuja. Kabla jua halijawa kali alikuwa anajua kwamba nozeli yake ya zamani bado ni nzima, shida ilikuwa mwendo na mkono. Aliondoka na hela yake mfukoni.

Wewe je, karatasi yako inasemaje? Pima wikiendi hii, kabla hujachanganya dawa. Na ukikuta madoa upande wa jirani, mwambie mwenyewe kabla hajayaona kwenye maharage yake.

Tukutane shambani.